Mpingo Ulioelea

Kipande kilielea.

Bwana Klementi, mkaguzi wa magogo aliyetumwa na kiwanda, alikibonyeza kwa kidole kikashuka hadi chini ya ndoo. Akaondoa kidole. Kikapanda tena, kikatulia juu ya maji, nusu ndani nusu nje, kama kifuu cha nazi. Akarudia mara ya pili na ya tatu, kwa adabu tu, maana aliona jinsi Mzee Nurdin alivyokuwa anakitazama.

Kwa mtu asiyetoka kusini hilo si jambo. Mti kuelea, kuna ajabu gani? Lakini huu ulikuwa mpingo, na mpingo hauelei. Mtoto wa kijiji hiki cha Mnandile hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu: ukitupa kipande cha mpingo mtoni umekipoteza, katafute kingine. Nusu ya kijiji ilikuwa imeizunguka ile ndoo, watu ambao kwa kawaida hata msibani hawakosi la kucheka, na siku hiyo hakucheka mtu.

"Mzee wangu, njoo utazame mwenyewe," Klementi alisema, akamwinamisha Nurdin kwenye gogo lililokatwa asubuhi ile. Lilikuwa nene kama paja. Katikati palikuwa na kiini cheusi, duara la ukubwa wa kikombe cha kahawa. Pengine pote palikuwa peupe, weupe wa muhogo uliomenywa. "Sisi tunataka kiini. Weupe ni wa kutupa. Na hicho kiini chenyewe kimelegea. Tukikichonga zumari za Ulaya kinapasuka kabla hakijakauka. Huu mzigo wa tatu sasa."

"Miti ni minene," Nurdin alisema.

"Minene sana. Ndiyo shida yenyewe."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Klementi akasema atarudi Jumatatu. Akionyeshwa mipingo kumi na miwili yenye kiini cha kweli, kijiji kitabaki katika orodha ya kiwanda. Asipoonyeshwa, watachukua miti kwingine na hawatarudi tena. Na Jumatatu hiyohiyo ulikuwa umeitishwa mkutano mkuu wa kijiji, na jambo la kwanza lilikuwa moja: msitu ubaki, au ufyekwe wote watu wagawiwe mashamba ya ufuta. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba msitu usiouzika hauna wa kuutetea.

Nurdin Likwata alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji kwa miaka kumi na tisa. Kulinda msitu ni kazi ya kuchukiwa bure, na yeye alichukiwa vizuri. Alinyang'anya watu misumeno. Alilala porini na nyoka. Aliwakimbiza wachoma mkaa hadi akatoka kucha za miguu. Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa ni kwamba miaka saba iliyopita alimfunga mdogo wake.

Saad, mdogo wake wa pekee, alikata mpingo mmoja bila kibali. Mmoja tu, mwembamba, kutoka Kilima cha Nambunju. Katika ukoo wao kitindamimba ndiye humchongea mama mchi wa kutwangia, na mchi wa mama yao ulikuwa umevunjika. Saad aliona aibu kwenda kuomba kibali kwa kaka yake, akaona ni mti tu, ni mama tu. Nurdin alimkuta nao begani. Angeweza kufumba macho. Ila wiki ileile alikuwa amewashitaki watu wawili wasiokuwa ndugu zake, na kijiji kizima kilikuwa kinangoja kuona. Akaandika maelezo kwa mkono wake. Saad alikaa jela miezi sita, na tangu alipotoka hakumpa kaka yake neno, zuri wala baya.

Ule mti ulirudishwa kijijini kama kidhibiti cha kesi iliyokwisha, na kwa kuwa hakuna aliyejua la kuufanyia, ukawa unaegemezwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji upepo usiufunge. Watu wakaupa jina. "Hebu mlete Saad hapa, mlango unapiga kelele," walisema, na wakacheka. Nurdin alicheka pamoja nao kwa miaka saba, na kila alipocheka aliumia.

Basi mtu aliyemtoa ndugu yake kwa ajili ya msitu, ukimwambia msitu haukuwa na maana, unamwambia nini?

Lipo jambo jingine la kulijua, nalo linahusu kamba. Nurdin alikuwa na kamba yake ya ukindu yenye mafundo mawili. Aliizungusha kwenye shina usawa wa kifua, mafundo yakigusana, mti bado mchanga; yasipofikiana, umeiva. Miaka minne iliyopita, vijana walipopiga kelele kwamba hawana pa kulima, kamati iliamua kuachia kipande kimoja cha msitu. Kipi? Nurdin alizunguka na kamba yake siku tisa. Mipingo ya bondeni ilikuwa imenenepa upana wa vidole viwili tangu vipimo vya kwanza. Ya Kilima cha Nambunju, kwenye mawe, ilikuwa vilevile, imepinda, imedumaa, haijaongeza hata unene wa ukucha. "Vinyang'arika," alisema mbele ya mkutano. "Tuwape hicho kilima." Akapiga muhuri. Familia sita zikagawiwa kilima, na moja ilikuwa ya Saad.

Alhamisi asubuhi alimpigia simu Fauzia, mtafiti wa chuo cha misitu huko Morogoro, aliyekuwa ameweka alama kwenye miti ya bondeni tangu mwaka juzi. Bahati nzuri alikuwa Kilwa Masoko. Kufika adhuhuri alishashuka kwenye pikipiki na begi lake mgongoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nitafutie miti kumi na miwili. Sikuombi kingine."

Fauzia alikuwa na keekee ndefu yenye tundu katikati. Aliikaza kwenye shina kwa mikono, akizungusha taratibu, kisha akavuta kijiti chembamba kama penseli kilichoonyesha mti ulivyo kuanzia gome hadi moyoni, bila kuuangusha. Wakaanza. Mti wa kwanza: cheupe, cheupe, cheupe, halafu weusi wa urefu wa nusu kidole. Wa pili vivyo hivyo. Wa kumi. Wa thelathini. Nurdin alianza kuisomea dua kabla keekee haijatoka, kisha akaacha, akiona haya kumsumbua Mola kwa jambo ambalo tayari limeandikwa ndani ya mti.

Kutoka juu, upande wa Nambunju, shoka lilikuwa linalia. Fauzia akainua kichwa.

"Hao wako kwao," Nurdin alisema. "Ni shamba halali, nimelitoa mimi. Endelea."

Ijumaa walipima arobaini zaidi. Alasiri, Fauzia alipokwenda kuoga, Nurdin alifanya jambo ambalo asingependa litajwe. Alikuwa amesikia kwamba wapo wachonga vinyago wanaopaka mti mweupe dawa ya viatu wakauita mpingo. Akanunua kopo dukani, akajifungia uani, akapaka kipande cha mti kwa kitambaa mpaka kikang'aa cheusi kama kiatu cha mwanajeshi. Kikapendeza. Halafu akakitia ndooni. Ndoo haidanganyiki kwa dawa ya viatu. Kilielea, kikaacha utando mweusi juu ya maji, na Mzee Nurdin, mtu wa miaka hamsini na sita mwenye wajukuu, akakaa chini uani kwake akalia.

Saida mkewe alimwona, akarudi ndani kimyakimya. Baadaye alimletea chai, akazungumza mambo mengine, kama wanavyofanya wake wenye akili. "Huu mkaa wa siku hizi, Baba Umi, hauishi. Nimewasha alfajiri, mpaka sasa moto ule ule."

"Umeutoa wapi?"

"Njiani tu," alisema, na akageuza maneno haraka.

Jumamosi Fauzia alikuwa hana tena pa kutoboa. Wakakaa barazani, yeye na Nurdin, vijiti vimepangwa kwenye ubao.

"Sema," Nurdin alisema. "Ni uchawi, ni ugonjwa, ni mbegu?"

"Ni hewa, mzee. Mti unajengwa na hewa ya ukaa, hii inayotoka kwenye moshi wa magari, viwanda, misitu inayoungua. Zamani ilikuwa kidogo. Sasa imezidi dunia nzima. Bondeni udongo ni mzuri, maji yapo, na hewa ndiyo hiyo imejaa. Mti unashiba, unakimbilia kunenepa. Tazama pete hizi za ndani, za zamani, zilivyobanana. Hizi za nje ni pana mara mbili. Umenenepa, haujakomaa."

"Una uhakika?"

"Kwa hizi pete, nina uhakika. Kama ni hewa peke yake, au hewa pamoja na joto na mvua zilivyogeuka, hilo wenye elimu bado wanabishana. Nisikudanganye."

"Na hewa hiyo kaitia nani?"

"Wengi sana. Sehemu kubwa si watu wa huku."

Nurdin alicheka kicheko kibaya. "Mwizi niliyemjua nilimfunga. Huyu nitamshika wapi?" Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa na pa kwenda. Miaka kumi na tisa alilinda mipaka ya msitu kwa miguu yake, na mwizi alikuwa amepita juu, hakukanyaga hata jani.

Saida akatoka na jiko, akaliweka karibu na baraza ili chai isipoe, akachukua kipande cha mkaa kutoka kwenye gunia kuongeza. Fauzia, aliyekuwa anaangalia tu mikono ya mwenyeji wake, akasema, "Mama, hebu nione hicho."

Akakipima kiganjani. Akakivunja, na kikavunjika kwa mlio mkali kama kigae. Akatoa lenzi yake ndogo mfukoni, akakisogeza jichoni, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mzee Nurdin, huu ni mpingo," alisema. "Pete zake zimebanana kama kurasa za msahafu. Mti ukigeuka mkaa pete hazifutiki. Huu ulikulia kwenye njaa, kwenye mawe, hata hewa ilipozidi haukupata cha kushibia. Ndio tunaoutafuta tangu juzi. Umetoka wapi?"

Nurdin alimtazama mkewe. Saida alishika pindo la khanga yake.

"Kwa Saad," alisema. "Mimi sikugombana naye, Baba Umi. Huniletea gunia kila mwezi. Anafyeka shamba lake."

Hapo Nurdin hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliona siku zake tisa za kuzunguka na kamba. Aliona mkono wake ukigonga muhuri. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu, na wanadhani wanasema habari za adui. Alitoka akiwa na kandambili moja mguuni, nyingine ameiacha barazani.

Kilima cha Nambunju kilikuwa uwanja. Familia tano zilikuwa zimekwisha kufyeka zamani, ufuta umevunwa, mashina yamebaki na majivu. Alipofika kwenye shamba la mdogo wake alikuta mawe, visiki, na tanuri la mkaa lililofunikwa udongo, refu kama nyumba, likitoa moshi mwembamba kwenye matundu yake. Saad alikuwa anaziba ufa kwa koleo. Alisimama. Alimtazama kaka yake akihema, mguu mmoja wazi unatoka damu, na labda damu hiyo ndiyo iliyomlainisha.

"Shikamoo kaka," alisema. Neno la kwanza kwa miaka saba.

"Imebaki mingapi?" Nurdin aliuliza.

Saad aliingoja marahaba. Haikuja. Akarudisha macho kwenye koleo. "Mipingo? Hakuna. Wa mwisho niliuangusha Alhamisi. Yote iko humo."

Alhamisi. Nurdin alikumbuka lile shoka. Akapiga magoti penye kisiki kilichokuwa karibu, hakikuzidi upana wa kiganja, akafuta vumbi kwa shati lake. Kilikuwa cheusi kutoka moyoni mpaka karibu na gome, cheusi cha kung'aa, weupe wake mwembamba kama uzi wa kofia. Cha pili vilevile. Akatambaa kisiki hadi kisiki akivifuta kimoja kimoja, akihesabu, na alipofika thelathini na saba akainuka akalirukia tanuri, akaanza kuchimbua udongo wake kwa vidole.

Saad alimvuta kwa kiuno. "Utaungua. Kaka, utaungua. Ukitia hewa humo inawaka yote, hatupati hata mkaa."

"Labda mingine haijashika moto."

"Imeshika tangu jana."

Walikaa chini wote wawili. Saad alisikiliza habari ya Klementi na miti kumi na miwili mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira: "Kwa mmoja ulinifunga. Hii yote ulinipa kwa barua yenye muhuri. Na ulisema ni vinyang'arika. Nilikuwa mkutanoni, nilikusikia." Nurdin akainuka. Alishuka kilima jua likiwa bado kali, na Jumapili nzima hakutoka ndani.

Jumatatu watu walijaa mbele ya ofisi kabla ya saa tatu. Klementi alikuja na ndoo yake ileile. Mwenyekiti wa kijiji akamuuliza Nurdin kama ipo miti kumi na miwili. Nurdin alisimama, akaenda mlangoni pa ofisi, akautwaa ule mti ulioegemea, na mlango ukajifunga kwa kishindo nyuma yake. Watu wakaguna. Walidhani mzee wao amechanganyikiwa.

"Kata hapa," alimwambia Klementi, akiuweka miguuni pake. "Kipande kidogo tu cha nchani."

Msumeno ulilia kwa sauti nyingine kabisa, ya juu, kama unakata chuma, na vumbi lake likatoka jeusi. Klementi alitazama kipande kile, akakigeuza, akakitia majini. Hakikusita. Kilikwenda moja kwa moja hadi chini, na kila mtu alisikia kilivyogonga bati.

Klementi hakuondoa macho kwenye ndoo. "Miaka mingi sijaona huu," alisema. "Iko mingapi?"

Nurdin aliwageukia watu wake. Angeweza kutaja hewa, na lisingekuwa uongo. "Ilikuwa mia na kitu," alisema. "Ilikuwa Nambunju. Niliigawa mimi ikakatwe, kwa sababu kamba yangu iliniambia haifai. Huu ndio uliobaki, na huu nao umebaki kwa sababu nilimfunga ndugu yangu. Mimi ndiye niliyekosa."

Hakuna aliyemzomea. Klementi alimpa mkono, akapakia ndoo yake garini, akaondoka. Mwenyekiti akauliza wanaotaka msitu ugawiwe mashamba wanyooshe mikono, na mikono ikanyooshwa, mingi kiasi kwamba hakukuwa na haja ya kuhesabu. Saad naye alinyoosha. Ana watoto watano, na kilima kimeshachoka. Wiki hiyohiyo wangeanza kufyeka bondeni.

Watu walipotawanyika Nurdin alibaki amesimama penye ule mti, kamba yake ya ukindu imening'inia mkononi. Saad akaja taratibu. Akaupima mti kwa macho, akaona kilichokatwa ni kidogo, urefu unatosha bado.

"Kesi si imekwisha?" alisema. "Basi naomba mti wangu. Mama mpaka leo anatwangia mchi wa kuazima."

Nurdin aliinama akaunyanyua, akamwekea mdogo wake begani, palepale alipomkuta nao miaka saba iliyopita.

"Marahaba, Saad," alisema.